Gome la Mti na Seli Zake

Zamani mtu aliyetaka kufungua shamba jipya mahali penye mti mkubwa, wala hana watu wa kumsaidia kuuangusha, alikuwa na njia nyingine ya kuuondoa. Alitwaa shoka, akaliambua gome kulizunguka shina lote, ukanda wenye upana wa shubiri moja, akalikwangua jeraha hata ukaonekana mti mweupe wa ndani, kisha akaenda zake. Siku ya pili mti ulikuwa vile vile. Mwezi wa pili majani yalikuwa mabichi bado, na mpita njia asiyejua angalidhani ya kuwa kazi ile imekuwa bure. Walakini mwenye shamba hakuwa na shaka. Alijua ya kuwa mti ule umekwisha kupata jeraha la kufa, ijapokuwa wenyewe haujaonyesha dalili. Baada ya miezi mingi, pengine mwaka na zaidi, majani yalipunguka, ncha za matawi zikakauka, na mwisho mti ukasimama mkavu kama mlingoti wa jahazi.

Katika nchi ya Buganda jambo hili huwa kinyume. Wako mafundi wa huko ambao kazi yao tangu karne nyingi ni kutengeneza nguo za magome. Waganda huiita nguo hiyo olubugo. Gome lake hutoka katika mti wa jamii ya mikuyu, uitwao mtuba. Wakati wa mvua fundi huambua gome la shina zima, kutoka karibu na ardhi mpaka penye matawi, mti ukabaki uchi kabisa. Gome hilo hupigwa kwa nyundo za mti hata likawa jembamba, laini na pana. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliitangaza kazi hiyo kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu wote. Na ule mti uliovuliwa nguo, je? Haufi. Huota gome jipya, na baadaye fundi hurudi akauvuna tena, na tena, miaka mingi.

Mbona basi mti mmoja hufa kwa jeraha la shubiri moja, na mwingine huishi baada ya kuvuliwa gome lote? Sababu si uchawi wala si bahati. Sababu imo katika vyumba vidogo sana ambavyo kila mmea umejengwa kwavyo, na katika kazi iliyo ya kila chumba. Atakayevijua vyumba hivyo atajua pia mahali gani mti waweza kuvumilia kisu, na mahali gani hauwezi.

1. Vyumba visivyoonekana kwa macho

Mwaka 1665 Mwingereza mmoja, jina lake Robert Hooke, alitoa kitabu cha mambo aliyoyaona kwa hadubini, yaani chombo cha vioo kikuzacho vitu vidogo. Alikuwa amekata kipande chembamba cha lile gome jepesi litengenezwalo vizibo vya chupa. Alipokitazama aliona ya kuwa si kitu kimoja kigumu, bali kimejaa vyumba vitupu vilivyopangana kama masega ya nyuki. Alipiga hesabu, akaona ya kuwa katika kipande chenye inchi moja kila upande vyumba hivyo hupita milioni 1,200. Alivipa jina la vyumba vidogo kwa lugha yake, na kutoka jina hilo limetoka neno letu la Kiswahili, seli.

Hooke aliona kuta tu, maana seli za kizibo zimekufa na ndani yake hamna kitu. Seli iliyo hai ina mambo mengi zaidi. Kwanza uko ukuta wake, uliojengwa kwa selulosi, kitu kile kile ambacho pamba na karatasi zimefanyizwa kwacho. Ndani ya ukuta uko utando mwembamba ambao huchagua kitu gani kiingie na kitu gani kitoke. Ndani ya utando mna ute, na katika ute huo kimo kiini, ambacho ndicho kiongozacho kazi zote za seli. Tena mna mfuko wa maji uitwao vakuoli. Mfuko huo ukijaa, seli husimama imara kama mpira uliojazwa upepo. Maji yakipungua, seli hulegea. Ndiyo sababu mchicha uliochumwa asubuhi na kuachwa juani hunyauka, na ukinyunyiziwa maji mapema huinuka tena.

Mtu mwenye hadubini aweza kuziona seli pasipo taabu. Na atwae kitunguu, akate kipande cha nyama yake, kisha abandue ule utando mwembamba ulio upande wa ndani. Autandaze juu ya kioo katika tone la maji, na tone dogo la iodini. Ataona vyumba virefu vimepangwa kama matofali, na katika kila chumba kiini chake. Seli nyingi za mimea ni ndogo hata 10, na pengine 100, zikipangwa mstari hutoshea katika milimeta 1 tu.

Seli moja peke yake katika mti haiwezi kufanya neno kubwa. Kwa hiyo zile zenye kazi moja hukaa pamoja, na kundi lao huitwa tishu. Mti ni kama mji: wako walinzi, wako wenye mashamba, wako wenye ghala, wako wajenzi, wako wapagazi. Lakini katika mji wa watu mpagazi aweza kuacha mzigo akashika jembe. Katika mti seli iliyokwisha kukomaa kwa kazi yake kwa kawaida haibadili kazi tena. Na nyingine zimekomaa hata zimekufa, nazo bado zatumika.

2. Walinzi, wenye ghala na wajenzi

Walinzi ni seli za ngozi ya mmea, iitwayo epidemisi. Zimeshikana sana pasipo nafasi, na juu yake zimepakwa nta ili maji yasipotee. Nta hiyo huonekana wazi juu ya jani la mgomba: tone la mvua hukimbia juu yake wala halilowi. Lakini jani lahitaji hewa, na kama lingalifungwa pande zote lingalikufa kwa njaa. Kwa hiyo katika ngozi yake mna vinywa vidogo sana viitwavyo stomata. Kila kinywa kina seli mbili zenye umbo kama maharagwe mawili yaliyotazamana. Zikijaa maji hupindana, kinywa kikafunguka. Zikilegea, kinywa hufungwa. Jani hupata hewa kwa njia hiyo, na wakati wa ukame mkali hujizuia lisipoteze maji yake.

Chini ya ngozi zimo seli laini zenye kuta nyembamba, ambazo jina la tishu yake ni parenkima. Hizi ndizo nyama ya mmea. Katika jani zimejaa vidonge vidogo vya rangi ya kijani. Rangi hiyo huitwa umbijani. Kwa nguvu ya jua seli hizo huunganisha maji yaliyotoka ardhini na hewa ya kaboni iliyoingia kwa stomata, zikafanya sukari. Hapo ndipo kilipo kiwanda cha chakula cha mti wote. Mizizi iliyo gizani haiwezi kujitengenezea chakula hata kidogo, na neno hili halifai kusahauliwa, kwa kuwa baadaye ndilo litakaloonyesha sababu ya kufa kwa mti.

Katika mihogo na viazi seli za parenkima hazifanyi sukari, bali huweka akiba. Zimejaa chembe za wanga. Mtu akikata kipande cha muhogo na kukitia tone la iodini, ataona kimegeuka rangi ya buluu nyeusi. Hiyo ndiyo dalili ya wanga. Parenkima ya mpunga ina kazi nyingine tena. Mna nafasi kubwa za hewa kati ya seli zake, nazo hupeleka hewa mpaka mizizi iliyozama katika tope. Mahindi hayana nafasi kubwa kama hizo tangu mwanzo, na kwa hiyo shamba la mahindi lililofurikwa na maji siku nyingi huharibika, na shamba la mpunga hustawi.

Wajenzi ni wa namna mbili. Namna ya kwanza ni kolenkima, yaani seli zilizo hai ambazo pembe za kuta zake zimenenepa. Hizi huushika mmea mchanga usianguke, na kwa kuwa zapindika na kurefuka, mmea huweza kukua. Kila mtu aliyesaidia jikoni amezishika. Kabla ya kupika majani ya maboga, mpishi huvunja kikonyo na kuvuta zile nyuzi ngumu za nje, maana zikiachwa hutafunika kwa shida. Katika nyuzi hizo kolenkima huvutwa pamoja na ngozi.

Namna ya pili ni sklerenkima. Seli zake zina kuta nene zilizotiwa lignini, kitu kigumu kikazacho mti kama saruji ikazavyo mawe. Zinapomaliza kujenga kuta zake hufa, zikabaki kuta tupu. Kifuu cha nazi ni seli za namna hii zilizobanana, na zile chembe zikwaruzazo meno katika pera ni seli hizo hizo zilizokaa katika vikundi vidogo. Nyingine ni ndefu na nyembamba, nazo ndizo nyuzi. Mkonge hulimwa kwa ajili ya nyuzi hizo. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Katika 1,000 iliyotumwa ilifika hai 62 tu, na kutoka hiyo yalianza mashamba makubwa ya Tanga. Ukipima jani bichi la mkonge, katika kilo 100 hupata kilo 4 hivi za nyuzi. Zilizosalia karibu zote ni maji na seli laini za parenkima.

3. Njia ya maji

Maji yako mizizini na kiwanda kiko majanini. Katika mti mrefu safari kati ya hizo mbili si ndogo. Mwaka 2016 ulitangazwa mti mmoja katika bonde la Mlima Kilimanjaro wenye urefu wa mita 81.5, nao ukatajwa kuwa mrefu kuliko miti yote ya asili iliyopimwa katika Afrika hata wakati huo. Maji yapandaje huko juu pasipo mashine?

Tishu ipelekayo maji huitwa zailemu. Seli zake zilizo kubwa hupangana ncha kwa ncha, hukaza kuta zake kwa lignini, kisha hufa. Kuta zilizokuwa kati ya seli na seli hutoboka, na safu yote ikawa bomba moja. Jani likipoteza maji kwa stomata, huvuta maji kutoka katika mishipa yake, na kwa kuwa maji hushikana, uzi wa maji huvutwa kutoka juu mpaka mizizini. Bomba halihitaji kuwa hai. Linahitaji kuwa na kuta imara zisizobonyea kwa kuvutwa.

Ile sehemu ngumu ya mti itoayo mbao na kuni ni zailemu. Lakini si yote ipelekayo maji. Sehemu ya nje, iliyo changa, ndiyo yenye kazi hiyo. Sehemu ya katikati aghalabu imezibwa kwa gundi na rangi, nayo hukaa kama nguzo tu. Mtu akikata mpingo ataona jambo hili pasipo hadubini: nje mna mzunguko wa rangi nyepesi, na ndani moyo mweusi ambao wachongaji huupenda. Kwa sababu hiyo mbuyu waweza kuwa na pango tumboni, hata watu wakaingia kujikinga na mvua, na juu ukaendelea kutoa majani na mabuyu. Uliopoteza ni nguzo yake ya kale, wala si njia ya maji.

Sasa imejulikana kwa nini majani ya mti ulioambuliwa gome hayanyauki mara moja. Maji hupita katika mti wa ndani, na shoka halikuugusa sana. Jani lapata maji yake, lapata jua na hewa, nalo lafanya sukari kama kawaida. Taabu iko mahali pengine.

4. Njia ya chakula

Sukari iliyofanywa majanini ni lazima ifike kwenye mizizi, maua na matunda. Tishu iichukuayo ni floemu, nayo haikai katika mbao, bali katika upande wa ndani wa gome. Seli zake ni tofauti sana na zile za zailemu. Hazifi ili zifanye kazi; zingali hai, lakini zimekipoteza kiini chake ili kuacha nafasi ya kupita sukari. Seli isiyo na kiini haiwezi kujitunza, na kwa hiyo kando yake iko seli nyingine ndogo, yenye kiini, iitunzayo. Kuta zilizo kati ya seli na seli zina matundu kama chekeche, na katika matundu hayo maji ya sukari husukumwa kutoka mahali palipo na sukari nyingi mpaka mahali ihitajiwapo.

Mgema wa pwani hulijua jambo hili kwa mikono yake. Akatapo ncha ya shada changa la maua ya mnazi ambalo bado limo katika karara, hutoka maji matamu yakingwayo katika kibuyu. Hayo ndiyo maji ya floemu, yaliyokuwa njiani kwenda kulisha maua na nazi.

Katika karne ya 17 Mwitalia Marcello Malpighi, aliyekuwa tabibu na mchunguzi wa mimea, aliondoa ukanda wa gome kuzunguka shina akangojea. Hakuona mabadiliko mengi chini ya jeraha. Bali juu yake gome lilivimba. Chakula kilichokuwa kikishuka kilifika penye jeraha, kikakosa njia, kikarundikana. Mtu ye yote aweza kuliona jambo hili leo kwa kuambua ukanda mwembamba katika kitawi kimoja cha mpera na kukitazama baada ya majuma machache. Lakini na achague kitawi, asiguse shina.

Basi hukumu ya ule mti wa shambani ilikuwa hivi. Gome lilipoondolewa, mizizi ilikatiwa chakula siku ile ile. Ilikuwa na akiba ya wanga katika parenkima yake, ikaishi kwa akiba hiyo miezi mingi, ikiendelea kuyapelekea majani maji. Majani yalikuwa na chakula tele wala hayakuweza kuushusha msaada. Siku akiba ilipokwisha mizizi ilikufa kwa njaa, na baada ya mizizi kufa hapakuwa na wa kuyapa majani maji. Mti haukufa kutoka juu; ulikufa kutoka chini, mahali pasipoonekana.

5. Seli zisizoacha kuzaa

Lakini mtuba nao umenyimwa floemu yake yote. Umepona kwa nini?

Kati ya gome na mbao mna tabaka jembamba sana la seli laini, liitwalo kambiamu. Seli hizi hazikuchagua kazi. Kazi yake ni kugawanyika tu: moja huwa mbili, mbili huwa nne. Seli zizaliwazo upande wa ndani hukua zikawa zailemu, na zile za upande wa nje zikawa floemu. Kwa njia hiyo shina hunenepa. Tishu za namna hii, zenye kuzaa seli mpya, huitwa meristemu. Nyingine ziko katika ncha za mizizi na za machipukizi, nazo huurefusha mmea.

Wakati wa mvua kambiamu huzaa kwa wingi, seli zake huwa teketeke, na gome huachana na mbao kwa urahisi. Fundi wa Buganda hulivuta wakati huo, wala haukwangui mti. Juu ya uso wa shina hubaki seli changa zilizo hai, zenye unyevu. Zikipigwa na jua zitakauka na kufa. Basi fundi hulifunika shina mara moja kwa majani ya mgomba, akalifunga, akaliacha hivyo siku kadha. Chini ya kifuniko hicho seli zile hugawanyika, zikafanya gome jipya na ndani yake floemu mpya, kabla ya akiba ya mizizi kwisha. Mwenye shamba wa kwanza alikwangua jeraha akaliacha juani; hakuacha seli hata moja ya kuijenga upya njia ya chakula. Hiyo ndiyo tofauti. Si mti mwingine wote uwezao kupona hivyo, hata ukifunikwa. Mtuba una nguvu hiyo kwa asili yake, na mbuyu nao una nguvu kama hiyo.

Mnazi hauna kambiamu, wala mgomba hauna. Katika shina la mnazi zailemu na floemu hazikupangwa kwa duara chini ya gome, bali zimefungwa pamoja katika mishipa mingi iliyotawanyika shina zima. Kwa hiyo wakwezi wa pwani wameweza tangu zamani kuchonga vidato katika shina, na mnazi ukaendelea kuzaa. Mishipa michache imekatwa, mingi imebaki. Walakini vidato hivyo havizibiki kamwe, maana hakuna seli za kuziba. Kidato kilichochongwa na babu, mjukuu hukikanyaga.

6. Faida ya kuyajua haya

Katika milima ya Afrika, kutoka Kameruni mpaka Kenya na Tanzania, huota mti ambao wataalamu huuita Prunus africana, na Wakikuyu huuita muiri. Gome lake ni dawa ya wazee wenye ugonjwa wa tezi dume, na tangu miaka ya 1970 limeuzwa kwa wingi katika nchi za Ulaya. Walipojitokeza wanunuzi wengi, wavunaji wenye pupa waliambua gome kuzunguka shina zima, au waliukata mti wenyewe, na miti mingi ikafa. Mwaka 1995 mti huo ulitiwa katika orodha ya mkataba wa mataifa uitwao CITES, ili biashara yake iangaliwe. Huko Kameruni wavunaji walifundishwa kanuni moja nyepesi: gawanya shina pande nne kutoka juu hata chini, chukua gome la pande mbili zilizotazamana, ziache nyingine mbili, usirudi mpaka imepita miaka kadha. Kanuni hiyo yote ni somo la floemu. Pande mbili zilizoachwa huendelea kuilisha mizizi, na kambiamu hupata nafasi ya kuziba jeraha kutoka kando.

Mkulima naye hupata faida. Akitaka mche wa ndimu ulio sawa na mama yake, huambua ukanda mdogo wa gome katika tawi zuri, huuzungushia udongo wenye unyevu, na kuufunga usikauke. Chakula kilichozuiwa juu ya jeraha hulisha mizizi mipya iotayo pale pale. Kisha tawi hukatwa chini yake na kupandwa. Akitaka kuunga tawi la mwembe mtamu juu ya shina la mwembe mwingine, huangalia kambiamu ikutane na kambiamu. Zikikutana, seli zake hujenga zailemu na floemu moja, na miti miwili huwa mmoja. Zisipokutana, tawi hukauka.

Na mwenye mti mchanga uani kwake anajua la kuogopa. Mbuzi mmoja aliyefungwa penye mche usiku mmoja aweza kulitafuna gome kuzunguka shina. Waya uliofungwa shinani ili kuanikia nguo, mti unaponenepa, hulikaba gome hata ikaziba njia ya chakula. Mti hautalia wala hautanyauka kesho. Utasimama na majani mabichi, na mwenyewe atadhani ya kuwa hakuna neno, na huku mizizi yaila akiba yake ya mwisho. Afadhali kuulegeza waya leo, ingali hai floemu, kuliko kutafuta sababu siku majani yatakapoanza kuanguka.

Maswali

1. Kwa nini majani ya mti ulioambuliwa gome huendelea kuwa mabichi miezi mingi?
2. Taja tofauti mbili kati ya seli za zailemu na seli za floemu.
3. Fundi wa Buganda hulifunika shina la mtuba kwa majani ya mgomba kwa sababu gani? Kwa nini huvuna gome wakati wa mvua?
4. Mbuyu wenye pango waishi. Mwembe ulioambuliwa gome pande zote hufa. Eleza.
5. Kwa nini kidato cha mnazi hakizibiki?
6. Tazama miti iliyo karibu na shule. Je, uko uliofungwa waya au kamba? Ufanye nini?